Sahani Iliyopotea Kwenye Ngitili

Sijawahi kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimekaa. Hata nikiandika haya, nimekwisha kusimama mara nne: mara moja kuangalia mlango, mara moja kumfukuza mbuzi wa jirani, na mara mbili bila sababu yoyote. Dada yangu alikuwa akisema nina mdudu kwenye nyayo, na hakuwa akitania. Miaka kumi na minane nilizunguka ukanda wa dhahabu, Geita, Masumbwe, Kahama, kisha Geita tena, kwanza ndani ya mashimo ya wachimbaji wadogo, baadaye nikibeba vifaa vya wapimaji ardhi kwenye mgodi mkubwa. Mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Nikarudi nyumbani Didia nikiwa na miaka arobaini na miwili, begi moja la nguo, na begi jingine lenye sahani saba za plastiki.

Hizo sahani ndizo zilizoniponza, kwa hiyo acha nizieleze. Kule mgodini, nyuma ya mabweni, mafundi wa kigeni walikuwa wamesimamisha vikapu vya chuma vyenye minyororo, na kila jioni walikuwa wakivitupia sahani. Mchezo wenyewe ni rahisi kuusema. Unasimama penye alama, unatupa sahani kuelekea kikapu kilicho mbali, unaifuata ilipoangukia, unatupa tena kutoka hapo, hadi iingie kikapuni. Kisha unaenda kikapu kinachofuata. Aliyetupa mara chache kuliko wenzake ndiye mshindi. Mimi niliupenda siku ya kwanza kwa sababu moja tu: hakuna mahali unapotakiwa kukaa. Mhandisi mmoja mzee alinifundisha, na alipoondoka nchini akaniachia begi lake zima.

Nyumbani nilimkuta dada yangu pale pale nilipomwacha. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, kisha akafiwa na mume, watoto wakaolewa na kuoa, akabaki na ng'ombe kumi na mmoja na ngitili ya baba. Kwa asiyeijua ngitili: ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza, familia inatenga kipande chake, ng'ombe hawaingii, hakuna anayekata majani wala tawi, hadi kiangazi kikaushe kila kitu kingine. Mnamo Septemba, jirani anapokuwa akihangaika na mabua, wewe unafungua ngitili yako na mifugo inakula hadi mvua zirudi. Asiye na ngitili anauza ng'ombe au anahama nao. Dada alikuwa akiilinda ile ya kwetu kuliko alivyolinda nyumba yake, na kila mtu kijijini alijua kwamba wale kumi na mmoja walikuwa wakivuka kiangazi kwa majani yale tu.

Nilirudi mwezi wa sita. Wiki ya pili nilikwisha kutengeneza uzio, bomba, paa la banda na redio ambayo haikuwa mbovu. Wiki ya tatu nikaanza kuulizia magari ya Geita. Dada alisikia. Kesho yake, nilipokuwa nikitupa sahani uani na kuku wakikimbia huku na huku, akauliza mchezo ule unahitaji uwanja mkubwa kiasi gani. Nikamwambia unahitaji miti, nafasi, na mwendo wa kama saa moja kuzunguka. Akafikiri akiwa amesimama na ndoo kichwani.

"Kama hicho ndicho kitakachokuweka hapa, katupe ngitilini," akasema. "Pita pembezoni, kwenye njia ya ng'ombe. Majani yangu usiyakanyage."

Nilikubali haraka, kama ninavyokubali kila kitu. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale kituo cha mabasi, mtu mpole ambaye hakuwahi kuniuliza vikapu vile ni vya nini mpaka alipomaliza cha tatu. Tulitumia ringi za pikipiki zilizopinda na minyororo ya baiskeli iliyochakaa. Vikapu tisa. Nikavipanga kufuata ua wa minyaa, nikizunguka ngitili yote bila kuingia ndani. Cha saba kilikaa ng'ambo ya kona ya mbali, ambako njia ilipinda kukwepa majani. Fundi akawa mchezaji wa kwanza. Wa pili alikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi, mgeni kutoka Singida, aliyesema amechoka kutembea kutoka nyumbani hadi darasani na kurudi.

Kufundisha watu kulinituliza kidogo. Nilikuwa nikirudia maneno ya mzee wangu wa mgodini kana kwamba ni yangu. Nilimwambia kila anayeanza kwamba asiguse sahani zenye ukingo mwembamba. Hizo huenda mbali sana, lakini mikononi mwa mtu mgeni huvuta kushoto na kujipigiza chini. Aanze na ile nene, ya kutumbukizia kikapuni, aitumie kwa kila kitu hata akiwa mbali, hadi mkono uielewe. Aishike kwa kukaza vidole, si kwa kukaza bega. Aivute kifuani ikiwa imelala sawasawa, aiachie kwa kiwiko na kifundo cha mkono, na mkono uendelee kwenda baada ya sahani kuondoka. Fundi alikuwa akitupa kama anayepiga nyundo. Kila sahani yake ilipaa juu, ikasimama, ikarudi nyuma karibu na miguu yake. Mwalimu alitupa polepole, kwa uvivu kabisa, na baada ya siku nne alikuwa akinishinda mimi. Nilimpongeza, lakini nilikasirika.

Nilikuwa na mengine pia. Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayetangulia kutupa, na wengine wasimame nyuma yake, maana sahani ikikupiga sikioni utakumbuka. Kabla hujatupa, angalia majani ya miti yanaelekea wapi. Upepo ukikujia usoni, tupa chini na taratibu zaidi. Watu wengi huongeza nguvu na upepo unawanyang'anya. Sahani ikiwa hewani usianze kushangilia wala kulalamika. Iangalie hadi inapotua, kisha chagua mti au kichuguu kilicho karibu nayo, na utembee ukikitazama hicho tu. Sahani nyingi hupotea kwa sababu mwenyewe aliangalia pembeni kidogo.

Haya yote niliyajua vizuri. Niliyasema kila jioni.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo wa Julai, ule mkavu unaoingiza vumbi hata kwenye chumvi. Tulifika kikapu cha sita na mwalimu alikuwa akiongoza. Kwenda cha saba njia salama ilikuwa kutupa mara mbili fupi kufuata ua, kona, kisha mara moja tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchoka na ile kona. Wiki tatu nzima nilikuwa nikizunguka ukingo wa kitu bila kuingia ndani, na miguu ilikuwa ikiniwasha. Nikachukua sahani ya ukingo mwembamba, ya rangi ya chungwa, nzuri kuliko zote, nikasimama nikiuelekea upepo, na nikatupa kukata katikati ya ngitili kwa nguvu zangu zote.

Ilikwenda vizuri kwa muda ambao mtu angetamka jina lake. Kisha ikainama kushoto na kuzama. Mimi wakati huo nilikuwa nimegeuka kumwangalia mwalimu, nione uso wake. Majani yalikuwa yakifika kiunoni, yote ya rangi moja ya ngano, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ilipotua.

Ningeweza kuiacha. Zilibaki sita. Fundi alisema hivyo, kwamba tusubiri Septemba ng'ombe wakiingia wataifunua wenyewe. Lakini ile ndiyo sahani aliyoipenda mzee wangu, nami sikuwa mtu wa kusubiri Septemba. Nikawaambia tuingie kwa uangalifu. Tukajipanga watatu kwenye mstari mmoja, tukiwa tumeinama, kila mmoja na fimbo akipembua majani mbele yake. Nami, kwa mazoea ya kazi ya upimaji, nikachana mfuko mwekundu wa plastiki, nikawa ninafunga kipande kwenye majani kila tulipomaliza hatua kumi, ili tusirudie eneo. Tulifanya hivyo saa nzima, na hatukuiona.

Barabara inapita upande wa magharibi wa ngitili. Dereva mmoja wa bodaboda, akitokea Maganzo, kwenye machimbo ya almasi, na abiria wake, alisimamisha pikipiki akatutazama. Kisha akauliza kwa sauti tunatafuta nini.

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Nilipaswa kusema tunatafuta sahani ya kuchezea. Lakini nilijiona kwa macho yake: mwanamume mzima, mvi zimeanza, amerudi kutoka migodini bila kitu, amepiga magoti kwenye malisho ya dada yake akitafuta kichezeo cha plastiki. Niliona aibu.

"Hatutafuti kitu," nikasema. "Tunatembea tu."

Aliinuka kwenye kiti cha pikipiki. Akaangalia vile vipande vyekundu, akaangalia fimbo zetu, akasema haya, jioni njema, akaondoka kwa kasi zaidi kuliko alivyokuja. Mwalimu wa Singida hakuona tatizo. Fundi naye alikuwa mtu wa mashine. Mimi peke yangu ndiye niliyepaswa kujua, maana nimeishi katika mashimo. Kule, mtu aliyepata hasemi amepata. Ukimkuta ameinama porini ukamuuliza, anakwambia anatembea tu, anatafuta dawa, anatafuta mbuzi. Ndivyo tulivyosema wote. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha chakula mezani Masumbwe na kukimbia kilomita nyingi kwa sababu mtu fulani alikana mno.

Asubuhi nilimkuta dada amesimama mlangoni, hajawasha moto. Aliniuliza kama nasikia. Nilisikia sauti ya chuma ikipiga udongo, si moja, nyingi, zikipokezana. Nilivaa viatu nikikimbia.

Walikuwa kama sitini tayari, na pikipiki zilikuwa bado zinashusha. Watu wa Maganzo walikuja na machekeche yao kwa sababu walijua ni almasi. Wa upande wa Kahama walikuja na makarai na sululu kwa sababu walijua ni dhahabu, na makundi haya mawili yalikuwa yakibishana huku yakichimba. Walikuwa wamegawana ardhi kwa kufuata vipande vyangu vyekundu. Kila kipande, shimo. Majani yaling'olewa na mizizi yake yakatupwa pembeni, na juu yake kifusi kikamwagwa. Mama mmoja alikwisha kusimamisha jiko kando ya ua wa minyaa, anakaanga maandazi. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Wauza chakula wakifika kwenye rashi, hizo mbio za watu kukimbilia mahali penye tetesi, ujue habari imekwisha kwenda mbali.

Nilipita shimo hadi shimo nikiwaambia ukweli. Niliwaeleza mchezo, vikapu, sahani, upepo. Nilikimbia nyumbani nikarudi na zile sita zilizobaki nikawaonyesha. Nikatupa moja kuelekea kikapu cha pili mbele yao. Ikagonga ukingo wa ringi ikaanguka nje. Wakacheka kidogo, wakarudi kwenye sululu. Nikamwendea yule mama wa maandazi, nikifikiri mwanamke atanisikia. Nikamwapia kwa kila kitu kwamba pale hapana kitu.

"Kaka," akasema akigeuza maandazi, "kila aliyepata husema hivyohivyo."

Dada alifika akiwa na fimbo ya kuchungia. Hakumpiga mtu, hakupaza sauti. Waliomfahamu walimwamkia shikamoo wakiwa ndani ya mashimo, naye akaitikia marahaba kila mmoja, maana hivyo ndivyo alivyo. Kisha akainama akaanza kukusanya majani yaliyong'olewa, akiyafunga mafungu, akiyabeba hadi chini ya mgunga na kuyapanga. Fungu baada ya fungu, siku nzima. Nilijaribu kumsaidia akaninyang'anya fungu mikononi bila kunitazama. Nilijichukia siku ile, na sikuwa na mahali pa kuondokea.

Sungusungu wa kijiji walipiga filimbi, mtendaji akaja na kutoa amri, na wachimbaji wakawa wanaondoka mchana na kurudi alfajiri. Ilichukua siku tatu. Siku ya tatu, mtu wa makamo mwenye chekeche la almasi aliitoa sahani yangu chini ya rundo la kifusi. Ilikuwa imepasuka ukingo. Akaishika juu, na waliokuwa kwenye mashimo ya karibu wakainua vichwa.

"Hii ndiyo mliyokuwa mnatafuta?" akauliza.

"Ndiyo hiyo."

Aliigeuza upande huu na upande ule. Akaniangalia tangu kichwani hadi viatuni, si kwa hasira. Nadhani alikuwa akinihurumia, na hilo lilinichoma zaidi. Akaiweka chini taratibu, akakunja chekeche lake, akaenda kupanda pikipiki. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakinung'unika. Jioni ngitili ilibaki na sisi na mashimo. Nilihesabu mashimo mia moja na tisa, kisha nikaacha kuhesabu. Robo tu ya majani ilikuwa imesimama.

Mafungu ya dada yaliwalisha ng'ombe hadi katikati ya Agosti. Baada ya hapo hapakuwa na ujanja. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mume wake, anaishi nje kidogo ya Masumbwe, na kule majani yalikuwa bado yapo. Akakubali kuwapokea mradi mwenye ng'ombe aje nao. Nikamwambia dada nitakwenda mimi. Nilisema haraka, begi nilikuwa nimekwisha kulifunga akilini. Kibali cha mifugo kilikwisha kutoka na lori la Fuso lilikwisha kupatikana.

"Wewe hapana," akasema. "Ukifika Masumbwe utasikia sululu, utawaacha ng'ombe njiani. Utabaki hapa ufukie."

Sikubisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Niliposikia neno Masumbwe kitu cha kwanza nilichokiona kichwani hakikuwa ng'ombe.

Alipanda mbele na dereva, amevaa koti la marehemu mumewe na kujifunga kanga mbili. Sikuwahi kumwona ndani ya gari linalokwenda mbali zaidi ya hospitali ya Shinyanga. Alishika dirisha kwa mikono miwili. Ng'ombe walilalamika hadi Fuso lilipoingia barabara kuu, kisha kukawa kimya.

Basi nikafukia. Niling'oa vikapu vyote tisa nikamrudishia fundi ringi zake. Kila asubuhi nilijaza mashimo, nikishindilia kwa miguu, nikipanda juu yake mashina ya majani niliyoyakuta bado na uhai. Kazi ile haina mwendo. Unasimama kwenye mita moja ya ardhi kwa saa nzima. Wiki za kwanza nilidhani nitapata wazimu. Nilikuwa nikitupa koleo, naenda hadi barabarani, natazama mabasi, narudi. Mwalimu alipita akauliza kama tutacheza tena. Nikamwambia ngitili imefungwa. Akasema anaona, akanisaidia shimo moja kabla ya kwenda kusahihisha madaftari.

Dada alikuwa akipiga simu mchana, siku za Jumamosi. Alikuwa akiulizia majani, mimi nikimwambia ukweli, shimo kwa shimo: hapa yameshika, hapa yamekufa. Mwezi wa tisa akasema ng'ombe mmoja amekufa kwa kula majani asiyoyazoea kule. Alisema polepole, na mimi nikakaa chini kwenye udongo, nikalia akiwa bado simuni. Hakunibembeleza, wala hakukata.

Mvua za kwanza zilinyesha mwishoni mwa Oktoba. Novemba kukawa na kijani chembamba juu ya mashimo yote, isipokuwa machache. Nilimpigia mimi siku hiyo, sikungoja Jumamosi. Nikamweleza kila kitu, nikamwambia kwamba sasa anaweza kurudi, mahindi yanataka kupandwa, na ng'ombe watapata majani ya nje hadi ngitili ikomae.

Nyuma yake nilisikia watu wakicheka na pikipiki zikipita.

"Nitaona," akasema. "Juzi nilikwenda na mke wa shemeji hadi Ushirombo. Wiki ijayo tunakwenda Geita mjini, kisha tushuke hadi ziwani, nikaone yale maji wanayosema." Kisha sauti yake ikashuka. "Kumbe kutembea kuko hivi. Miaka yote ulikuwa ukija na kuondoka, ukija na kuondoka. Mbona hukunichukua hata siku moja?"

Nilitaka kusema nilidhani hapendi. Nilitaka kusema ng'ombe, ngitili, nani angebaki. Nikamwambia tu kwamba sikuwahi kuwaza.

Akasema anajua. Kisha akaniambia ndama wa mwisho amenenepa, na kwamba nisiruhusu mtu kukanyaga majani hadi atakaporudi, kama atarudi.